Mchanga unaokula chuma: Ni valvu gani itadumu kwenye bomba la tope?

Kama umewahi kukaa kwenye ploti ya kukodi, unaijua hadithi ya mfereji unaovuja. Keateka anakuja na spana, anatoa washa iliyolika, anaweka nyingine ya shilingi chache, mnakaa mwezi mmoja hivi na ule mdondoko wa usiku unarudi. Na hayo ni maji safi. Sasa toa maji hayo, weka uji wa mchanga. Panua mfereji hadi mdomo wake utoshe ndoo. Sukuma uji huo kwa pampu mchana na usiku, miezi yote 12. Hiyo washa ingemaliza dakika ngapi?

Hiyo ndiyo kazi ya valvu kwenye bomba la tope. Migodi, meli zinazochimbua mchanga bandarini, mitambo inayosaga mawe ya dhahabu, zote husafirisha vitu vigumu kwa kuvichanganya na maji na kuvisukuma kwa pampu. Kila bomba la aina hiyo lazima liwe na mahali pa kulifunga, na mara nyingi hapo ndipo chuma huliwa kwanza.

Unaweza kuuliza: mimi niko Umoja, nasomea uhandisi wa mitambo au uplamba kwenye chuo cha kiufundi, tope la mgodi linanihusu nini? Linakuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni chapaa, kwa kuwa watu wanaojua kuchagua na kutunza vifaa hivi ni wachache na wanatafutwa kuanzia Geita hadi Kolwezi. Ya pili ni nzito zaidi. Siku moja utatumwa ufungue pampu ubadilishe kitu ndani, na kitakachokuwa kati yako na tani kadhaa za mchanga ni valvu iliyochaguliwa na mtu fulani ofisini. Huenda mtu huyo ukawa wewe.

Kwale walijifunza nini

Tuanze hapa nyumbani. Mgodi wa Base Titanium kule Kwale ulianza kuzalisha mwishoni mwa 2013, ukasafirisha shehena ya kwanza kupitia Likoni Februari 2014, na ukafunga uchimbaji Desemba 2024. Kilichochimbwa ni vilima vya mchanga. Ndani yake mlikuwa na ilmenaiti na rutili, ambazo huishia kuwa ile rangi nyeupe kwenye ukuta wa sebule, pamoja na zirkoni inayotumika kutengeneza vigae. Miaka ya mwanzo mabuldoza yalikuwa yakisukuma mchanga hadi kwenye mtambo wa kuuchanganya na maji. Baadaye waliongeza mfumo wa kupiga kilima kwa maji ya kasi hadi kiporomoke chenyewe kikiwa tayari ni tope.

Kutoka hapo safari yote ilikuwa ndani ya mabomba. Tope lilikwenda kwenye mtambo wa kutenganisha mchanga mzito na mwepesi, na kwa kuwa madini yenyewe ni sehemu ndogo tu ya mchanga, sehemu kubwa ilirudi tena kwa bomba kujaza mashimo yaliyochimbwa. Yaani mchanga ulipita njia mbili, kwenda na kurudi, na kila upande ulikula chuma.

Vijana wengi wa Pwani waliokuwa mafundi pale wameondoka na ujuzi huo mfukoni. Kampuni mama ya mgodi ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani Oktoba 2024, na pamoja nayo ukaja mradi wa Toliara kule Madagaska, ambao ni mchanga wa aina ileile. Kazi ya namna hii, basi, haijaisha. Imehama tu.

Stenlesi haitakuokoa

Hapa ndipo wengi hupotea, hata wenye digrii. Msee anaambiwa valvu inalika, anakimbia kununua ya stenlesi kwa sababu ni ghali na inang'aa. Shida ni kwamba stenlesi ilibuniwa kupambana na kutu, na mchanga ni adui mwingine kabisa.

Kumbuka ile skeli ya ugumu ya Mohs uliyosoma shuleni, kutoka 1 hadi 10. Ukucha wako uko karibu 2.5. Ncha ya kisu cha jikoni ni kama 5.5. Mchanga wa kawaida, ule ambao kitaalamu ni kwatzi, uko 7. Zirkoni ni 7.5. Kwa maneno mengine, kila punje ya mchanga wa Kwale ilikuwa na uwezo wa kukwaruza chuma cha kawaida kama vile msumari unavyokwaruza sabuni. Stenlesi ya kawaida ni laini kuliko punje hiyo. Itaondoka bila kutu hata kidogo, lakini itaondoka.

Kwa hiyo una njia mbili tu za kuishi na mchanga. Uwe mgumu kuliko yeye, au uwe laini kiasi cha kumrudisha alikotoka.

Njia ya kwanza ni ya vitu kama chuma cheupe chenye kromi nyingi (karibu asilimia 27 ya kromi ni mchanganyiko wa kawaida kwenye pampu za tope), kauri ya alumina, na kabaidi ya tungsteni. Hivi hudumu sana. Vingi vyavyo hata hivyo ni kama sahani ya udongo: mchanga ukipita kwa mteremko vinavumilia, ila jiwe kubwa likigonga moja kwa moja linaweza kuvitia ufa.

Njia ya pili ni mpira. Ndiyo, mpira, ndugu wa ule wa tairi. Punje ndogo ikigonga mpira, mpira unabonyea kidogo, unameza nguvu ya pigo na kuitema punje. Ukiona mara ya kwanza huwezi kuamini kwamba kitu unachoweza kukikata kwa kisu cha mboga kinashinda chuma, lakini kwenye mchanga laini ndivyo ilivyo mara nyingi. Mpira wa asili ukiwa safi ni noma. Adui zake ni watatu: mawe makubwa yenye makali, ambayo huukata, mafuta na dizeli, ambayo huuvimbisha, na joto, kwa kuwa ukishapita nyuzi 70 au 80 za Selsiasi huanza kuchoka.

Unaona sasa kwa nini swali la kwanza haliwezi kuwa "valvu bora ni gani?" Swali la kwanza ni la mchanga wenyewe. Ni wa nini? Una ukubwa gani? Ni wa duara kama wa ufuoni au umetoka kwenye mashine ya kusaga ukiwa na makali mapya? Maji yake yana asidi? Ukienda kwa muuzaji Industrial Area bila majibu hayo, atakuuzia alichonacho stoo.

Kosa la kufungua nusu

Tuje kwenye kasi, kwa sababu hapa ndipo valvu nyingi nzuri huuawa na watu wema.

Mchanga ndani ya bomba hauogelei. Unabebwa. Maji yakienda polepole mno, punje zinatua chini na bomba linaziba. Ndiyo maana mabomba mengi ya mchanga huendeshwa kwa kasi ya mita 2 hadi 4 kwa sekunde, kulingana na upana wa bomba na ukubwa wa punje. Ukizidisha kasi, unalipa kwa chuma. Majaribio ya maabara kwa miaka mingi yameonyesha kwamba ulikaji hauongezeki sambamba na kasi. Unapanda kwa kipeo cha 2 hadi 3. Ukiongeza kasi mara mbili, tegemea ulikaji wa mara 4 hadi 8.

Sasa fanya hesabu hii. Opareta anaona tope linakuja kwa wingi, anaamua kuifunga valvu nusu, robo, kama unavyobana mfereji wa bafu. Tuseme pengo limebaki robo ya upana wa njia, na pampu bado inasukuma kiasi kilekile. Tope lote lazima lipite kwenye hiyo robo, kwa hiyo kasi hapo inakuwa mara 4. Ulikaji? Kati ya mara 16 na mara 64. Valvu iliyotengenezwa idumu mwaka inaweza kutobolewa kwa siku chache. Na si valvu tu. Ule mkondo ukitoka pembeni ya pengo unapiga ukuta wa bomba lililo mbele kama mpira wa maji wa kuoshea gari, unachimba shimo mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiangalia.

Ndiyo sababu sheria ya kwanza kwenye tope ni hii: valvu ya kufungia iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukitaka kupunguza mtiririko, punguza mwendo wa pampu kwa kidhibiti cha mota. Ikiwa lazima udhibiti kwa valvu, nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na uiandikie bajeti ya vipuri mapema.

Kuna jambo la pembe pia, ambalo nitalipitia haraka. Chuma cha kawaida huliwa zaidi punje zikikipiga kwa mteremko wa nyuzi 20 hadi 30, kama randa inavyoparuza mbao. Vitu vigumu vinavyovunjika, kauri kwa mfano, huumia zaidi vikigongwa uso kwa uso. Kwa hiyo usiiweke valvu mara tu baada ya kona au mdomoni mwa pampu, ambako tope bado linazunguka na kupiga kila upande. Ipe kipande cha bomba lililonyooka kwanza.

Zipi za kuacha, zipi za kuchukua

Getivalvu ya kawaida, ile ya gurudumu unayoiona kwenye mita za maji mtaani, iache. Chini ya kisahani chake kuna kijishimo kinachosubiri kisahani kishuke. Kwenye maji kijishimo hicho ni kitupu. Kwenye tope kinajaa mchanga siku ya kwanza, na siku ya pili valvu haifungi tena. Valvu ya kipepeo nayo ina sahani inayobaki katikati ya njia hata ikiwa wazi, kwa hiyo inapigwa saa zote. Bolivalvu ya kawaida ina nafasi kati ya tufe na mwili wake ambako mchanga hujificha na kuganda. Nonritani, ile ya njia moja, hushikwa na mchanga kwenye bawaba yake na kubaki mdomo wazi wakati unaihitaji zaidi.

Zinazobaki ni familia chache, na mbili kati yake ndizo utakazokutana nazo zaidi.

Moja ni valvu ya kubana. Ndani yake kuna soksi nene ya mpira, ya upana uleule wa bomba. Ikiwa wazi, tope linapita kana kwamba hakuna valvu. Ukitaka kufunga, vyuma viwili vinaibana soksi kutoka nje, kama unavyokunja mpira wa kumwagilia maua kwa mkono. Uzuri wake ni kwamba tope linagusa mpira peke yake; chuma chote kiko nje. Hata punje chache zikikwama katikati, mpira unazikumbatia na bado unafunga. Ikichoka, unabadilisha soksi tu. Nikiulizwa ni ipi ya kufikiria kwanza kwa mchanga laini na presha ya kawaida, nitakujibu hii bila kusita.

Ila ina mipaka yake. Haiwezi presha kubwa. Na ukiiweka upande ambao pampu inavuta badala ya kusukuma, soksi inaweza kufyonzwa ndani ikajifunga yenyewe. Muulize muuzaji kuhusu hilo waziwazi, maana si wote watakwambia.

Nyingine ni valvu ya kisu. Kisu chake ni bamba la chuma linaloshuka kukata njia. Usiichanganye na getivalvu. Ile ya tope imetengenezwa na pete mbili nene za mpira zinazotazamana. Valvu ikiwa wazi, pete zinakumbatiana na kuficha kila chuma, na ikifungwa kisu kinapenya katikati yazo. Ni nyembamba, haihitaji nafasi kubwa, na hupatikana kwa mabomba mapana sana. Lakini kuna kitu ambacho katalogi hukiandika kwa herufi ndogo: kila kisu kinaposhuka au kupanda, kwa sekunde chache pete huachana na tope kidogo hutemwa nje kwa chini. Hilo si hitilafu, ndivyo ilivyobuniwa, ili mchanga usibaki ndani. Usipojua, utaiweka juu ya njia ya watu au juu ya mota ya umeme, halafu siku ya kwanza kuifunga mtu ataoga tope. Iwekee kinga na mfereji wa kupeleka hayo maji.

Kuna pia valvu ya kiwambo, ambayo ni fiti kwa mabomba madogo na tope lenye kemikali. Hakikisha tu ni ile yenye njia iliyonyooka. Ile yenye kibonge katikati itajenga kilima cha mchanga nyuma ya kibonge hicho.

Na kama presha ni kubwa? Nenda Madagaska tena. Mgodi wa nikeli wa Ambatovy uko bara, kwenye nyanda za takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Tope lake husafiri kwa bomba la kilomita 220 hivi hadi mtambo wa Toamasina ulio ufuoni. Kumbuka kwamba kila mita 10 za maji yaliyosimama hutoa presha ya takriban baa 1, na tope ni zito kuliko maji. Ukisimamisha safu ya aina hiyo kutoka mlimani hadi baharini, aliye chini anashikilia zaidi ya baa 100. Soksi ya mpira hapo ni mzaha. Mahali pa namna hiyo huwekwa bolivalvu maalum ambazo tufe lake na kikalio chake vimepakwa vitu vigumu kama kabaidi ya tungsteni, zikiguswa mara chache tu na kamwe zisiachwe nusu. Bei yake usiniulize.

Halafu kuna Magadi, ambako tope ni tope lakini adui si yule. Magadi, magadi yenyewe huchimbuliwa ziwani, husagwa na kusukumwa kwa bomba hadi kiwandani. Madini yake, trona, yako karibu 2.5 kwenye skeli ya Mohs, sawa na ukucha wako. Hayawezi kukwaruza chuma. Ila maji yake yamejaa chumvi kiasi kwamba valvu ikikaa bila kuguswa, fuwele hujijenga ndani na kuishika kama saruji. Ukienda pale na valvu ya kauri ya bei ghali ukijisifu kwamba inastahimili mchanga, utakuwa umetibu malaria kwa mtu anayeumwa jino. Hapo unataka valvu isiyo na mianya ya kujenga fuwele, maji ya kusuuzia, na opareta anayeichezesha mara kwa mara.

Imefungwa, lakini je, imefungwa?

Nilisema mwanzoni kwamba kuna maisha ya mtu hapa. Haya ndiyo.

Pampu ya tope hufunguliwa mara nyingi kuliko pampu ya maji, kwa sababu nayo inaliwa. Kila ikifunguliwa, mafundi hufunga valvu pande zote na kuanza kulegeza nati. Valvu ambayo kikalio chake kimelika inaweza kuonyesha kwa nje kwamba imefungwa, mshale umefika mwisho, huku ndani kuna pengo la vidole viwili. Ukilegeza nati ya mwisho, mchanga na maji vinatoka na nguvu za safu nzima ya bomba. Hutapata muda wa kukimbia.

Kwa hiyo kwenye kazi ya maana hutegemei valvu moja. Unaweka mbili, na katikati yake dreni ya kumwaga kilichobaki ili uone kama ya kwanza inavuja. Halafu pampu inazimwa, inafungiwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwako, si wa msimamizi, si wa mwenzako anayeenda kula lanchi.

Na hapa kuna mtego ambao umewapata hata wazoefu: dreni kavu si ushahidi. Kwenye maji, ukifungua dreni na hakuna kitu kinachotoka, bomba ni tupu. Kwenye tope, inawezekana mchanga umejikusanya nyuma ya dreni na kuiziba, na nyuma ya mchanga huo presha ipo vilevile. Kijiti cha kuzibulia, kikitumiwa ukiwa umesimama pembeni na si mbele, na geji ya presha yenye kinga ya kiwambo ili isizibe, ndivyo vitakavyokwambia ukweli. Wakati wa kununua valvu, uliza dreni itakaa wapi na ina upana gani. Kadreni kama kidole ni urembo tu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka umripotie msimamizi hatari kubwa unayoiona, na mwajiri hatakiwi kukurudisha mahali hapo kabla haijarekebishwa. Vijana wengi wa mkataba wa miezi mitatu hawaijui, au wanaijua na wanaogopa kuitaja. Ijue tu.

Swali jingine la usalama ambalo huku kwetu lina uzito wake: stima ikipotea, valvu itafanya nini? Valvu kubwa huendeshwa kwa hewa au mota. Unaweza kuiagiza ijifunge yenyewe umeme ukikatika, ijifungue, au ibaki ilipo. Kwenye tope, pampu zikizima mchanga unaanza kutua mara moja, na baada ya muda mfupi una bomba lililojaa mawe. Kwa hiyo mara nyingi utataka ya kumwaga au ya kuingiza maji ya kusuuza ijifungue, na ya kuzuia tope lisirudi nyuma kwenye pampu ijifunge. Hakuna jibu moja. Lakini kama hujauliza, kiwanda kitakuchagulia.

Bei ya kwenye risiti

Bosi atakuuliza, mbona hii ni Sh260,000 na ile ni Sh80,000? Jibu kwa hesabu. Huu ni mfano tu, weka namba zako. Tuseme ya Sh80,000 inakaa miezi 3. Kwa miaka 2 utanunua 8, hiyo ni Sh640,000. Ya Sh260,000 inakaa miaka hiyo 2 kwa kubadilishwa soksi mara moja, tuseme Sh60,000. Jumla Sh320,000. Na hapo hujaweka kitu kikubwa kuliko vyote: ile ya bei rahisi ilisimamisha mtambo mara 8, na kila ukisimama kuna watu, kreni na uzalishaji uliopotea. Pia ni mara 8 ambazo mtu alilazimika kulegeza zile nati.

Lakini usije ukageuka mtumwa wa vitu ghali pia. Kuna mahali pa valvu ya bei nafuu: bomba la dharura linalotumika mara mbili kwa mwaka, au mgodi unaofunga baada ya miezi sita. Kununulia bomba la miezi sita valvu ya miaka kumi ni kutupa ganji.

Muulize muuzaji vitu ambavyo katalogi haina. Kuna mteja anayetumia valvu hii kwa mchanga kama wangu, na ilidumu saa ngapi? Saa, si miaka, maana mwaka wa mtambo unaolala wikendi si mwaka wa mtambo usiolala. Soksi inabadilishwa ikiwa palepale au lazima valvu nzima ing'olewe? Kipuri kiko Nairobi au kinasubiri meli? Mafundi wangu wawili wanaweza kuibadilisha, au mtanitumia mtaalamu kwa ndege? Akianza kukuonyesha picha za kiwanda chao badala ya kujibu, mshukuru kwa chai na uondoke.

Ikishafungwa, ichezeshe. Valvu iliyokaa wazi mwaka mzima bila kuguswa haitafunga siku ya dharura. Ratiba ya kuifunga na kuifungua kila mwezi inagharimu dakika tano. Ipime pia pamoja na bomba lake kwa kile kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosoma unene wa chuma kutoka nje. Na kwa kuwa mchanga hulala chini, bomba huliwa zaidi upande wa chini, ndiyo maana migodi mingi hulizungusha theluthi moja kila baada ya muda ili upande mwingine nao ufanye kazi. Ukiona mafundi wanazungusha bomba zima, usidhani wamepotea.

Kuhusu soksi za akiba: usiziweke kwenye kontena la bati linalopigwa na jua la Taveta, wala karibu na mota na mashine za kuchomelea, kwa sababu cheche za umeme hutengeneza ozoni na ozoni hupasua mpira hata ukiwa bado kwenye plastiki yake. Zipe chumba cha baridi chenye giza, zisikunjwe, andika tarehe zilipotoka kiwandani, na utumie kwanza iliyotangulia kufika.